Masomo ya Theluji

"We Guy, albamu si gunia ya maharagi," Godelive alisema. Alikuwa ameishika ile kadi ndogo ya nyimbo kwa kucha mbili, kama mtu aliyeokota mende. "Haipangwe kwa kutikisa. Wimbo wa kwanza iko ya kwanza ju benyewe balioimba balitaka vile."

Guy ndiye mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo, pale soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka linapoanzia. Alijibu bila kuinua macho kwamba si yeye, ni kompyuta, imepanga kwa herufi kuanzia A, na kompyuta haina chuki na mtu. Godelive akamwambia kwamba basi yeye na kompyuta yake wamezaliwa siku moja, wote hawana masikio. Watu waliokuwa wakingoja simu zao wakacheka. Guy akavuta mdomo.

Lakini hilo la herufi lilikuwa nusu tu ya malalamiko, tena nusu ndogo. Jana yake jioni Godelive alikaa kwenye cherehani, akawasha kispika chake, akangoja albamu yake ya Wazambia wa miaka ya sabini. Wimbo mmoja ukapita vizuri, gitaa likilia kama msumeno kwenye bati. Halafu, badala ya wimbo wa pili, akatokea mwanamke wa sauti safi kabisa akisema kwa Kiingereza, polepole, kwamba leo theluji imefika mpaka dirishani, na tafadhali, koleo liko wapi. Akanyamaza kidogo ili mwanafunzi arudie. Halafu gitaa tena. Halafu yule mwanamke tena, safari hii anatafuta soksi za sufu.

"Nani alikutuma uniwekee mwanamke wa barafu katikati ya gitaa?"

"Mama Matata," Guy alisema. "Si yeye njo alileta kadi? Alisema, ongeza na ile kozi ya Kanada. Mi nikaongeza. Sasa unanigombeza mi ju ya nini?"

Godelive akafunga mdomo. Wanaomjua pale sokoni wakageuka kumtazama, maana hilo halitokei kila siku.

Mama Matata ni Sumaya, mwanamke wa Kindu, mrefu na mpana, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani wanaokuja kambini wamekauka na kunuka kwa heshima. Meza yake imetazamana na kibanda cha cherehani cha Godelive. Yeye ndiye aliyepita na ile kadi kwa Guy, kwa kuwa Godelive alikuwa na sare za kwaya za kumaliza. Ni marafiki tangu enzi za kupanga foleni moja ya maji. Na pale Dzaleka hata mtoto anajua maana ya kozi ya Kanada. Mtu hajifunzi kuzoa theluji huku wilayani Dowa kwa kupoteza wakati. Anajifunza kwa sababu ameitwa kuhamishiwa huko. Jina limetoka, faili limetembea, kilichobaki ni kuficha mpaka siku ya basi.

Kuficha ndiyo desturi. Mwenye safari hasemi kwa jirani, hasemi kanisani, hasemi msikitini, na wengine hawawaambii hata watoto wao, maana mtoto hana kufuli mdomoni. Wanaogopa jicho la mtu. Wanaogopa maneno ya uongo yatakayopelekwa ofisini na mwenye wivu. Irangabiye, Mrundi aliyekuwa akikaa nyumba ya pili kutoka kwa Godelive, aliazima sufuria Jumamosi, akacheka naye Jumapili, na Jumatatu watu wengine walikuwa wanafagia chumba chake. Sufuria ilikutwa mlangoni kwa Godelive, imeoshwa. Ilimkera kuliko kama ingeibiwa. Maana yake Irangabiye alikuwa amekaa, akawahesabu watu wanaoweza kumfanyia ubaya, na Godelive alikuwa ndani ya hesabu hiyo, na sufuria yake iliyooshwa.

Sasa na Sumaya naye? Godelive aliondoka kwa Guy bila hata kudai apangiwe upya nyimbo zake.

Ni mtu wa namna yake, huyu Godelive. Fundi wa nguo kutoka Bukavu, mjane, mama wa Aristote aliyekwisha kuoa na kuhamia upande mwingine wa kambi. Na anapenda rok. Si rumba, wala si nyimbo za kwaya, ingawa kwaya nzima inavaa kazi ya mikono yake. Rok, ile ya gitaa la umeme na ngoma zinazopigwa kama mtu anadai haki. Alipokuwa msichana kule Bukavu alipiga pasi nyumbani kwa Mbelgiji mmoja, mwalimu wa fizikia, ambaye kila Jumamosi aliweka sahani nyeusi ya santuri kwenye mashine yake na hakuigusa mpaka upande uishe. Upande mmoja ulikuwa mashati manne na suruali. Ndiko alikotoa sheria kwamba albamu haikatwi, na mtu anayeruka nyimbo si wa kumwachia hata ufunguo wa nyumba.

Maoni anayo, na hangoji kuombwa. Anasema albamu iliyoweka wimbo mtamu kuliko yote mlangoni ina jambo inaloficha ndani. Anasema ukiona kwenye ganda wanamuziki wote wamekunja mikono, usinunue, hao wameshagombana. Zile albamu zilizorekodiwa mbele ya watu anazishuku kabisa: makofi ni mengi mno, na yanakuja hata gitaa linapokosea, kwa hiyo kuna aliyelipwa. Na albamu ya sahani mbili, kwake, ni kazi ya mwanaume ambaye hakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia inatosha.

Kozi za lugha anazikusanya vilevile, na anazishuku zaidi. Vitabu visivyo na ganda, kaseti, siku hizi kadi. Si kwamba ana pa kwenda. Anapenda tu kuona hao waliotunga wanadhani watu wanaishije. Katika kozi za Kiingereza, anasema, watu wote wanatoka kiwanja cha ndege wanaingia hoteli, mume hachelewi, mtoto haumwi, na kila mtu anashukuru mpaka unaanza kutafuta alichoiba. Kitabu cha Kichewa alichonunua mwaka wake wa kwanza kilimfundisha kusema lete maji, fagia uwanja, funga mbwa. Akajua hapohapo kiliandikwa na mtu wa namna gani. Kichewa chenyewe alikipata sokoni, kwa kubishania uzi. Safari moja aliangukia kaseti za kuwafundisha wazungu Kiswahili. Akazifuata zote kama mpelelezi, akafanya na mtihani wa mwisho, akapata nusu. Alisema mwalimu yule anaongea kama mtu aliyeweka yai mdomoni, na lugha wameifua kwa sabuni nyingi mpaka rangi imetoka.

Anayesikiliza yote haya ni Sumaya. Hakuna mwingine. Wengine wanasema Mama Aristote anapenda kelele za mabati. Sumaya pia anasema ni mabati, lakini anasema akiwa amekaa, na hainuki mpaka upande uishe.

Basi Godelive akaanza kumtazama Sumaya kama anavyotazama kitambaa cha bei rahisi, kwa kukigeuza kwenye mwanga. Na ukianza kutafuta, unapata.

Kwanza zilikuwa Jumanne. Kwa miezi sasa Sumaya alikuwa akipita kwake kila Jumanne asubuhi kabla hajafungua mifuko ya usipa. Anasimama mlangoni, anatazama cherehani, anatazama nguo zilizotundikwa, anasema "Umeamka, mama," kisha anakwenda zake. Siku nyingine hapiti. Mtu anachunguza nini Jumanne?

Halafu Likuni. Sumaya alikuwa amekwenda hospitali ya kule mara mbili, na kila mara alisema ni goti. Lakini wenye safari hupimwa kwanza, damu, mapafu, kila kitu, hilo nani halijui. Na kambini kuna zahanati. Goti gani la kulipia nauli mpaka ng'ambo ya Lilongwe? Godelive alimwuliza ni goti lipi. Sumaya akasema la kushoto. Baadaye akamwuliza tena, kama aliyesahau. Sumaya akasema la kushoto, na hata hilo Godelive aliliona limejibiwa haraka mno.

Akamwekea mtego. Mchana mmoja soko limepoa, Sumaya amekuja kukaa kwenye kigoda kupumzisha miguu, Godelive akafungua lile somo la soksi, akijifanya anatafuta wimbo. Mwanamke wa barafu aliuliza bei, akaambiwa, akashukuru, akalipa, akashukuru tena. Sumaya alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu amenunua bila hata kukohoa," alisema. "Angepita pale kwangu."

Lakini baada ya kusema hivyo hakucheka. Alimgeukia Godelive akamtazama kwa jicho la kungoja, na Godelive naye alikuwa anangoja. Walikuwa kama wanawake wawili wanaouziana kuku, na kila mmoja anadhani ni mwenzake anayejua kuku anaumwa.

Kilichokuja kumaliza wasiwasi wake, kwa ubaya, kilikuwa koti.

Alikuwa amekwenda Lilongwe kutafuta zipu na vifungo, na alipomaliza akapita mtaa wa Kawale kama kawaida yake, kwa bwana mmoja anayeuza kaseti na vitabu vya zamani juu ya turubai. Bwana huyo alimpa kozi ya Kijerumani iliyopotea nusu ya mwanzo, inaanza na somo la kuagana. Godelive alikuwa anamwuliza kwa Kichewa ni nani anayejifunza kuaga kabla ya kusalimia, na kama hii si kozi ya wezi, alipoinua macho akamwona Sumaya. Sumaya yuleyule aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda Likuni. Alikuwa kwenye mistari ya kaunjika, zile nguo za mitumba, ameinua juu koti jeusi la sufu lenye kofia yake, zito kama godoro, jua kali utosini. Analisugua bitana kwa kidole. Anabishana na mwuzaji kama anavyobishana mtu aliyekwisha kuamua. Akalipa.

Godelive alijificha nyuma ya suruali zilizoning'inizwa, yeye, mama mzima, akichungulia katikati ya miguu ya watu asiowajua. Alimwambia bwana wa kaseti zikomo, asante, akarudi kambini mikono mitupu.

Alishona siku zile kwa hasira, na mshono wa hasira hunyooka sana. Alikumbuka na jambo lingine. Kati yao wawili kulikuwa na utaratibu: aliyesikilizishwa albamu anakuwa na deni, na deni ni maoni yake, ya kweli, bila kupaka mafuta. Sumaya alikuwa analipa palepale, mara nyingi kwa matusi. Lakini ile ya Wazambia, ambayo Godelive anaipenda kuliko zote, waliisikiliza mvua zilipoanza, kwenye kaseti, kabla mkanda haujakatika. Ulipoisha upande wa pili Sumaya alisimama, akakung'uta kitenge, akasema "Nitakuambia," akaenda. Tangu hapo kila akikumbushwa anasema nitakuambia. Sasa Godelive aliona ameelewa. Mtu anayehama hasumbuki kulipa.

Haikupita wiki, Sumaya akavuka barabara na furushi limefungwa kwa kitenge. Alingoja mteja wa mwisho aondoke.

"Mama Aristote, nipunguzie hii mikono. Na mabega kidogo. Usionyeshe mutu."

Akatoa na vipimo. Wasio na futi wanapima kwa kamba na kufunga fundo, kwa hiyo zilikuwa kamba, moja ya mabega na mbili za mikono. Godelive alipokea kama mtu wa dukani. Hakuuliza koti ni la nani, na Sumaya hakusema. Alimwambia tu litakuwa tayari Alhamisi.

Alipobaki peke yake akalitandaza mezani, akalitukana kidogo, akachukua chaki. Akaweka kamba. Ndipo mkono wake ukasita.

Kamba ilikuwa fupi. Sumaya ana mikono ya kufikia kona ya mwisho ya meza bila kusimama. Basi si lake. Matata, mwanawe? Matata amefuata mama yake, mikono kama makasia. Mkwe wa Sumaya? Huyo Godelive alishamshonea, mabega yake hayaingii kwenye kamba hii. Fundi hasahau mwili aliowahi kuupima, na huu alikuwa anaujua, ila hakukumbuka ulikuwa wa nani. Tena kamba za mikono zilikuwa mbili, na hazikulingana. Wa kulia ulizidi wa kushoto kidogo. Nani ana mwili wa namna hiyo, bega moja limeshuka kama mtu aliyevutwa na gurudumu la cherehani miaka na miaka?

Akaiweka kamba kwenye mkono wake mwenyewe. Fundo likakaa juu ya mfupa wa kifundo. Akaweka ya pili kwenye mkono mwingine, ikakaa vilevile. Kwenye msumari ukutani ilining'inia blauzi yake ya Jumapili, aliyojikatia mwenyewe, mkono mmoja mrefu kidogo kuliko mwenzake, na hapana nyingine kama hiyo kambini.

Wazo lake la kwanza halikuwa zuri. Alijiwazia, huyu amenipima nisijue, kwa blauzi yangu mwenyewe, kama wanavyopimwa wafu. Akalibeba koti begani, wazi, soko zima lione, akavuka barabara.

"Koti ni ya nani?"

Sumaya alifunika usipa wake kwanza. "Nilikuambia usionyeshe mutu."

"Sumaya. Ya nani?"

"Ya mutu anaenda kwenye baridi na hataki kuniambia."

Godelive alitazama nyuma yake, kama kwamba mtu huyo amesimama pale. "Mi? Niende wapi?"

"We njo unajua. Kila siku Kiingereza, Kiingereza, na miaka yako ile. Nani anasoma vile bure? Nikasema sawa, anificha, anifiche. Lakini asiende na ile kozi yake ya hoteli. Kule haiko hoteli, kule iko barafu. Njo nikamwambia Guy akuongezee ya barafu."

"Mi nasoma ju napenda."

"Hakuna mutu anasoma ju anapenda, mama. Uliza soko yote hii."

Mwanamke wa meza ya nyanya, ambaye hakuulizwa, akatikisa kichwa kukubali. Godelive akaona kwamba alikuwa akiangaliwa hivyo kwa muda mrefu, na watu wengi.

"Na zile Jumanne zako?"

Sumaya alisema alimsikia mwenyewe. Alikuwa anapita nyuma ya kibanda, na Kiingereza kidogo anacho, na Godelive alikuwa anasema kwa sauti ya furaha kwamba ndege yake inaondoka Jumanne. Tena alisema mara mbili. Tangu siku hiyo kila Jumanne alikuwa anakuja kuona kama cherehani bado iko.

"Ile ni somo la tisa," Godelive alisema. "Banasema urudilie."

"Mi nitajua je kama ni somo?"

Godelive akashambulia. "Na Likuni? Na ile goti yako?"

Sumaya alivuta kitenge juu palepale, mbele ya soko na wateja wake, akamwonyesha goti lililovimba kama papai, limefungwa bandeji chafu ya siku nyingi. "Ya kushoto," alisema.

Godelive alikaa chini kwenye gunia tupu. Koti lilikuwa mapajani, linamtia joto kama paka mgonjwa. Alitaka kusema kwamba yeye si Irangabiye, hawezi kuosha sufuria na kutoroka, halafu akakumbuka jinsi alivyochungulia katikati ya suruali kule Kawale, akaliacha. Akamwuliza tu: kama aliamini anafichwa, na mtu anayekuficha anakuona wewe ni mchawi, mbona alinunua?

"Nilikuwa nakasirika wakati nalipa," Sumaya alisema. "Lakini nikalipa. Ningekuacha ufe na baridi ju nimekasirika?"

Godelive alitazama upande. Baadaye kidogo shaka ikamrudia, maana shaka kwake haiendi mbali. "Na kama ni we unaenda, sasa unanigeuzia?"

"Niende wapi na hii goti."

Hilo lilimridhisha. Mwuzaji wa Kawale harudishi kitu, kwa hiyo koti lingebaki, na baridi ya Juni hapo kambini haidharauliki. Lakini Godelive hakuinuka. "Basi kama hakuna mutu anaenda, lipa deni yangu. Ile ya Bazambia."

Sumaya akaanza kupanga usipa ambao ulikuwa umepangwa. "Njo mana sikulipa," alisema. "Niliona nikikupa ile maoni, tumemaliza, unapanda basi. Lakini nikikuwekea, hata ukiitwa, utapita kwanza kuniuliza. We hauwezi kuacha mutu bila kumuuliza."

"Lipa."

"Wimbo wa tatu ni murefu. Yule wa gitaa alikuwa anajisikiliza mwenyewe." Akafukuza inzi. "Ule wa mwisho njo ulinisimamisha. Nilikuwa nakaribia kulia, na mi silie mbele ya mabati."

"Wa tatu haiko murefu."

"Ni murefu."

Godelive aliupitisha kichwani, wote, kuanzia ngoma mpaka pale gitaa linapobaki peke yake na kukataa kuondoka.

"Kidogo," alisema, na deni likafutwa.